Mizizi Isiyo na Macho

Nitasema kweli tangu mwanzo: nilitaka Zacharie ateseke. Sikutaka afe. Muntu aliyekufa haoni haya. Nilitaka aishi, awe na afya, na macho mazuri ya kujiona.

Nyumba yangu iko pembeni ya ziwa, nje kidogo ya Kalemie, njia ya kwenda Mpala. Zamani mbele yake kulikuwa matete marefu kupita muntu, yakaendelea mpaka mbele ya kiwanja cha jirani yangu Zacharie. Bwana yangu, marehemu Shaabani, alikuwa muvuvi wa ndoana. Hakuruhusu kuyakata, ila yale makavu ya kufuma mikeka na kutengeneza vichanja vya kuanikia samaki.

“Samaki ngege anazaa mule,” alikuwa anasema. “Ukiingia na panga kwenye chumba cha mama anayezaa, mwaka kesho utakula nini?”

Alipokufa tulimuzika nyuma ya matete, kwenye kiwanja chetu, karibu na baba yake.

Zacharie alikuwa na mitumbwi mitano na wavu mukubwa wa kukokota, ule wanaume kumi wanauvuta toka nchi kavu. Matete yalimuzuia kuuvuta. Siku moja akaja kwangu na kilo ya sukari.

“Mama Mosi, haya majani ni nyumba ya nyoka na mbu tu. Tuyatoe tupate ufuko safi. Hata wewe utafaidika.”

“Papa Zacharie, sukari naipokea. Matete yanabaki.”

Akacheka, akaenda. Mwezi wa saba nikapanda boti kwenda Moba, binti yangu alikuwa anajifungua. Nilikaa majuma matatu. Wakati wa kurudi, boti ikiwa bado mbali, niliona nyumba yangu. Nikajiuliza: kwa nini naiona? Haijawahi kuonekana toka ziwani. Ndipo nikaelewa.

Kulibaki majivu, toka kwangu mpaka kwake. Zacharie aliposimamishwa mbele ya shefu wa kijiji alisema, “Moto hauna jina, shefu. Ulitoka tu.” Na nyusi zake zilikuwa zimeungua zote mbili.

Kwetu kesi ya namna ile inaishia kwa mbuzi. Mukosaji anamuleta, anachinjwa, mukosaji na mukosewa wanakula pamoja mbele ya shefu, na hakuna tena ruhusa ya kuitaja kesi ile. Zacharie akaleta mbuzi munene. Wakapika. Wakanipa sahani ya kwanza. Nikasema sina njaa.

“Mama Mosi,” shefu Jean-Marie akaniambia polepole, “usipokula, kesi haifi.”

“Ndiyo hivyo nataka, shefu. Ilale tu.”

Watu walidhani ni hasira ya siku moja. Zacharie alikula peke yake, akalamba vidole.

Mwaka ule alivua sana. Wavu wake ulibeba mpaka vitoto vya samaki vidogo kama kucha. Mwaka uliofuata ziwa likapanda, wote tunaokaa huku tunakumbuka. Mawimbi yaliyokuwa yanachoka ndani ya matete kabla ya kutufikia, sasa yalifika na nguvu zao zote. Yakachukua jiko langu. Yakachukua muhogo. Asubuhi moja nikatoka, nikakuta pale alipolala Shaabani kuna shimo, na maji ya rangi ya chai yanaingia na kutoka. Nilipata matofali matatu ya kaburi lake. Zaidi ya hayo sikupata kitu.

Sikulia. Nilimuangalia Zacharie kule akivuta wavu wake na kuimba, nikafunga kikwembe changu vizuri. Nikajiambia: subiri.

Kusubiri najua. Miaka arobaini nimekausha samaki. Ukiharakisha moto, ngozi inaungua na ndani inaoza.

Nilianza na matete. Nilikwenda na rafiki yangu Mama Viviane, muuzaji wa ndakala, wale dagaa wadogo, tukachimba mizizi kwenye kinamasi cha mto Lukuga na kuileta kichwani. Mawimbi yakaing'oa. Tukapanda tena, tukaweka uzio wa miti mbele yake. Yakang'oa nusu. Mama Viviane akasema, “Dada, ziwa litakuzika.” Nikamujibu, “Limeshamuzika bwana yangu, linanijua.” Mwaka wa tatu mizizi ikashika. Mwaka wa nne ngege wakarudi.

Basi niliweka sheria. Hakuna wavu ndani ya matete. Wenye ndoana na wenye nyavu za matundu makubwa wasimame nje, wavue samaki wakubwa wanaotoka. Wanawake wanakata matete makavu tu, kwa mikeka na vichanja. Samaki wetu hawakukauka tena chini, kwa hiyo hawakuwa na muchanga, na wanunuzi wakaanza kutoka mpaka mji wa Bendera kuwatafuta. Wanawake kumi na wawili wakapata kazi pale. Wakanisifu kwamba ninapenda mazingira. Niliwaacha waseme. Mimi nilikuwa ninajenga mahali pa kukaa na kumuangalia Zacharie.

Kwa sababu kwake hakukurudi kitu. Wimbi lilikula ufuko wake safi, mitumbwi mitatu ikavunjika, na vile vitoto alivyovibeba mwaka ule havikuwahi kuwa wakubwa. Kila asubuhi nilitoa kiti changu na kikombe cha chai. Siku moja wavu wake ulileta kiatu kimoja.

“Papa Zacharie!” nikaita kwa sauti, wanawake wote wasikie. “Kiatu kinapikwa vizuri na tangawizi. Lakini kwanza toa kamba, zitakukwama kooni!”

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Zacharie hakugeuka. Chai ile ilikuwa tamu, na sikuwa nimeweka sukari.

Mwaka wa sita akaenda kwa shefu, akataka nifungue maji yangu kwa watu wote. Alisema ni kwa ajili ya maendeleo. Shefu akatuita.

“Shefu,” nikasema, “kabla ya kesi mupya, kuna ya zamani. Ile nyama sikuila.”

Wazee wakatazamana. Shefu akakuna kichwa. “Kweli. Haikufa. Unataka nini, Mama? Ng'ombe?”

“Nataka mikono yake. Alichoma matete, ayapande. Toka mupaka wangu mpaka mwisho wa kiwanja chake. Yeye mwenyewe, bila mufanyakazi, wakati wa soko watu wakiwa wengi. Mizizi nitamupa mimi.”

“Nkambo,” Zacharie akasema, na kuniita nkambo, yaani bibi, ilikuwa mara ya kwanza, “mimi ni muntu mukubwa. Watu watanionaje?”

“Wataona mugongo. Utakuwa umeinama.”

Alikubali, hakuwa na njia nyingine. Akakunja suruali, akaingia kwenye matope. Mama Viviane alipiga vigelegele kama kwenye harusi: “Bwana harusi anapanda! Bibi harusi yuko wapi?” Siku ishirini na moja alipanda. Nilipita nyuma yake na fimbo, nikaonyesha: huu umelala, huu haujaingia, rudia.

Lakini kuna jambo ambalo sikumuambia hata Mama Viviane. Muzizi wa tete una macho, vichipukizi vidogo kwenye kila fundo. Ukikata katikati ya mafundo, unabaki na kipande kisicho na jicho. Kinaonekana kizuri. Hakioti kamwe. Usiku ule kabla hajaanza, nilikaa nyumbani na kisu, nikakata vipande. Na kila siku nikaendelea. Mizizi yote niliyomupa Zacharie ilikuwa vipofu. Nilitaka amalize, ajipongeze, asubiri mvua na mwaka mzima, halafu asione kitu. Mimi nilisubiri miaka sita mbele ya shimo. Yeye angesubiri mbele ya matope.

Mvua zikaja. Kwake hakikutoka hata kijani kimoja. Alikuwa anakuja kila asubuhi, anainama, anapapasa matope kwa vidole, anarudi. Nilikuwa na furaha ambayo sitaieleza.

Halafu upepo wa kusini ukaanza. Siku ya tatu Mama Viviane akaja mbio.

“Dada, njoo uone pembeni, kule mupakani.”

Wimbi lilikuwa limeingia kwenye ufuko mutupu wa Zacharie, likageuka, likapiga matete yangu ubavuni, pale ambapo hakuna uzio. Matete ya kwanza yalikuwa yamelala majini, mizizi nje, kama meno ya muzee. Ndani ya maji machafu vitoto vya ngege vilikuwa vinakimbia hovyo, na ndege weupe wanavidonoa. Vichanja viwili vya mwanzo vilikuwa vimeanguka. Vilikuwa vya mwanamke mmoja mujane.

“Ingekuwa yale ya Zacharie yameota,” Mama Viviane akasema, “wimbi lingechokea kule. Kwa nini hayakuota? Mizizi yake tuliichimba pamoja.”

Nilisimama na maji kwenye magoti. Kila wimbi lilibeba kidogo. Nilimuona kule mbali Zacharie, amesimama kwake, na yeye anaangalia, na nikaona kwamba nikisubiri tena mwaka mmoja, tutakuwa tumesimama sawasawa, wawili, mbele ya shimo moja.

Nilikwenda kinamasini mwenyewe. Nikajaza beseni mbili, mizizi minene, kila kipande macho matatu au manne. Nikabeba mpaka kwake, nikaitua miguuni pake.

“Ng'oa yote uliyopanda. Panda hii.”

Akashika kipande kimoja, akakigeuza. Alikuwa muvuvi, si mujinga. Akaingiza mukono kwenye matope, akang'oa kimoja cha zamani, akaviweka pamoja kwenye kiganja chake.

“Ulinipa mizizi mifu.”

“Ndiyo.”

“Siku ishirini na moja. Wanawake wote wananicheka.”

“Ndiyo. Na mimi nilikuwa nakata kwa mukono wangu.”

Nilidhani atanipiga. Nilitamani hata anipige, nipate kesi nyingine. Lakini wimbi likaja, likapita katikati yetu kuelekea mupaka, na sote wawili tukageuka kuangalia limechukua nini.

“Bado ninakuchukia, Papa Zacharie,” nikamuambia. “Usifikiri ni huruma. Anza pale pembeni, karibu na yangu. Macho yaangalie juu.”

Akakunja suruali. Akainama. Mimi nilibaki nyuma yake na fimbo, na pale alipopanda vibaya nilimupiga kwenye kisigino.