Pembe ya Kwanza ni ya Tomas

Mwanangu Derlis aliponiuliza tena kwenye simu kama nimeamua kuhamia kwake, nilimpa sharti.

"Leo nakwenda kutazama miti ya milapacho, imechanua," nikamwambia. "Nikipata mtu mmoja wa kunywa naye terere kwa mrija mmoja, nabaki hapahapa Asunción. Nikikosa, Jumamosi njoo na lori lako unihamishe."

Akacheka. "Mama, siku hizi nani anaweka mdomo kwenye mrija wa mtu? Tangu yale maradhi kila mtu na wake. Nianze kukuandalia chumba?"

"Andaa upendavyo. Mimi bado nina miguu."

Kila milapacho ilipochanua, mimi na marehemu mume wangu Anselmo tuliuzunguka mji huu kutwa nzima, yeye kabeba chupa ya maji ya barafu, mimi pembe ya ng'ombe ya kunywea na majani ya yerba ya kutengenezea terere. Mwaka huu nilibeba vyote. Sikujua kumbe ile chupa ni nzito hivyo.

Pale kona, Bi Ceferina muuza mitishamba hakuniuliza kitu. Alitia mnanaa na mizizi kwenye kinu, akatwanga ya kutia kwenye maji yangu.

"Ya wawili, kama kawaida," akasema.

Nikalipa ya wawili.

Bustani ya Plaza Uruguaya ilikuwa rangi ya waridi tupu. Mlapacho ukichanua hauna hata jani moja, ni maua tu, na yalikuwa yanadondoka juu ya vibanda vya vitabu na kwenye paa la stesheni ambayo haina treni tena. Niliketi, nikatia yerba kwenye pembe, nikamimina maji. Yale ya kwanza hanywi binadamu. Majani huyanyonya yenyewe, nasi husema Tomas Mtakatifu ndiye anayekunywa. Nikamsubiri mtakatifu amalize. Nikajaza tena, nikamnyooshea bwana aliyekuwa akisoma gazeti kando yangu.

Akaniinulia pembe yake, kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho. "Nina yangu, mama."

Nikaenda mtaa wa San Jerónimo, kwenye zile ngazi zilizopakwa rangi. Anselmo alikuwa akisimama katikati kila mara, akijifanya anatazama ghuba, kumbe magoti. Na mimi nikasimama palepale, ingawa magoti yangu hayana neno. Chini mto ulikuwa wa rangi ya udongo, na huku na huku katikati ya mapaa ya mabati palitokeza kichwa cha mlapacho. Vijana wawili wapenzi wakaniomba niwapige picha. Nikawapiga, kisha nikawakaribisha terere.

"Asante, bibi," yule binti akasema, hata pembe hajaigusa.

Kwetu, kwenye terere, asante husema mtu aliyekwisha kunywa akatosheka.

Jua lilipoanza kulegea nilikuwa kituo cha basi karibu na bandari, chini ya mlapacho wa mwisho. Nilimwaga majani yaliyochoka, nikatia mapya, kwa mazoea tu. Kwenye benchi palikuwa na mwanamke wa umri wangu, kavua viatu, miguu imemvimba.

"Dada," akasema, "hiyo barafu inagonga humo ndani tangu ulipokaa. Unamfichia nani?"

"Utakunywa?"

"Kwani nimekuja kuisikiliza?"

Nikamimina, nikampa. Akavuta mrija, macho yakamtoka, akatema mavumbi ya yerba juu ya maua.

"Mwanamke wewe! Umenipa ya Tomas!"

"Yesu wangu! Nisamehe, dada, nimesahau kabisa…"

"Vumbi lote hili! Unanifanya mtakatifu na bado sijafa!" Alicheka mpaka kitana kikamdondoka kichwani. "Haya, mimi ndiye Tomas. Omba upesi, basi la Luque linakuja."

Sikuwa na la kuomba ila moja. "Kunywa nyingine."

Akanywa. Nikanywa. Akanywa tena. Basi lilipofika alinirudishia pembe, akasema asante, safari hii ya kweli, akapanda viatu vikiwa mkononi. Hakuniuliza jina, wala mimi sikumwuliza lake.

Maua yakadondoka pale alipokuwa ameketi. Nikajaza zamu yake, nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, kisha nikainywa mwenyewe.

Simu ikalia.

"Ehe, mama? Umepata?"

"Nimepata. Lori liache hukohuko."

"Umekunywa na nani?"

"Na Tomas."

"Mama, huyo hahesabiki."

"Wa leo alitema."

Akacheka, akataka kuuliza kitu. Nyuma yake nikasikia sahani, na mkewe akimwita mezani.

"Nenda ukale, mwanangu," nikamwambia.