Una Mgeni?

Mpima damu alikuwa mtu mzima mwenye haya zake. Alimfunga fundi cherehani mpira mkononi, akainamia fomu, akauliza bila kumtazama usoni:

"Mama, una mgeni?"

"Hapana. Nimekuja peke yangu."

Mzee akaandika *hapana*, akachoma sindano.

Fundi alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri, tumbo likimkata, kitambaa alichojisitiri nacho kimelowa chepechepe. Ilikuwa siku yake ya pili mwezini. Huyo ndiye mgeni aliyeulizwa, ila yeye kwao hakuwahi kusikia hedhi ikiitwa hivyo, na mzee angekula sindano zake zote kuliko kulitamka neno lenyewe mbele ya mwanamke.

Wiki iliyofuata daktari alimfungulia majibu mume wa fundi. Kipimo cha dalili za saratani kilitakiwa kiwe chini ya thelathini na tano. Cha fundi kilisoma sitini na moja. Uvimbe kama ule uliokwisha kuonekana kwenye kifuko chake cha mayai, na namba kama hiyo, si wa kuchezea. Daktari angetoa vifuko vyote viwili pamoja na kizazi. Mume, aliyekuwa akisubiri mtoto mwaka wa nne sasa, akatazama sakafu.

Fundi akauliza ni nini kingine kinachopandisha namba hiyo. Daktari akamjibu mume kwamba ni mambo mengi, hata hedhi, lakini fomu inasema hakuwa nayo.

"Inasema nini?" fundi akauliza.

Daktari akaigeuza. *Hedhi: hapana.* Ndipo fundi alipomkumbuka yule mgeni wa mpima damu.

Akaeleza yote, aibu akaiweka kando. Hakuna aliyecheka.

"Daktari, mimi simpimi mtu kiuno akiwa amevaa sweta. Nipimeni tena, siku zangu zimekwisha."

"Mama, hapa si kwa fundi. Fomu imeshapigwa mhuri. Nafasi ya upasuaji ni keshokutwa, ukiikosa utangoja miezi minane." Akasogeza karatasi. "Baba, sahihi hapa."

Chini ya karatasi palikuwa na mstari mmoja tu: *Mume au mzazi*. Fundi akamshika mumewe mkono wa kulia. Mume akautoa taratibu.

"Sitaki kukuzika," akasema, akatia sahihi.

Uvimbe ulipochunguzwa, baada ya vyote kutolewa, ulikutwa maji matupu, si saratani. Daktari aliwapa habari hiyo akitabasamu, akawaambia wamshukuru Mungu. Mume alishukuru.

Miezi mitatu baadaye fundi aliitwa kupimwa tena. Benchi lilelile, mpira uleule. Mzee akainamia fomu.

"Mama, una mgeni?"

Alimtazama mpaka mzee mwenyewe akalazimika kuinua macho.

"Hapana," akasema.

Mzee akaandika *hapana*. Safari hii fomu ilikuwa sahihi.