Kuni za Jaji Thirlwell

Mimi nilikuwa mpiga mbiu wa mahakama ya serikali kuu hapa Ohio, na kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kunishukuru kwayo, ilikuwa kutia kuni kwenye jiko la chuma. Kwa hiyo msinisimulie habari za siku ile. Mkono uliotia kuni ni huu hapa.

Jaji Obadiah Thirlwell alikuwa amekalia kiti kile miaka kumi na tisa. Ujana wake wote aliumalizia juu ya farasi, akizunguka wilaya kusikiliza kesi. Kwake sheria ilikuwa karatasi: ina muhuri, basi, imekwisha. Watu watatu waliotoroka utumwa walisimama mbele yake, na wote akawarudisha kwa mabwana zao Kentucky na pingu mikononi. Wa mwisho, Amos Pettiford, alilia mpaka mimi nikatoka nje. Jaji akasema, "Mimi sisomi machozi. Nasoma karatasi." Nilimchukia mwezi mzima.

Februari ya mwaka uliofuata wakamleta Keziah, mama mmoja mshona kofia. Aliyemdai ni wakala, Lyle Crutcher, aliyetumwa na tajiri aliyedai kummiliki. Crutcher mwenyewe hajawahi kumwona huyo mama maishani. Ushahidi wake wote ulikuwa hati moja ya mahakama ya Kentucky, yenye muhuri wa lakiri, ile nta nyekundu. Ikikubaliwa, Keziah anarudi utumwani siku hiyo hiyo. Ikikataliwa, treni ya saa nane ipo stesheni, na Kanada si mbali.

Crutcher aliingia anachuruzika maji, mvua ya barafu imemlowesha mpaka mfukoni.

"Hati imelowa kidogo, Mheshimiwa."

"Itandaze juu ya jiko ikauke," Jaji akamwambia.

Wakati wa baridi sote tulifanya hivyo. Ila mwenyeji huacha muhuri uning'inie nje, mbali na chuma. Crutcher akaitandaza yote, muhuri na kila kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nikafunga mdomo.

"Jotham," Jaji akaniita, "tia kuni."

Nikatia. Jaji, mtu asiyejua porojo, akaanza kumuuliza Crutcher habari za njia, za farasi, za mavuno ya tumbaku. Akaniambia tena nitie kuni. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, watu wanaiva humu."

"Mimi nasikia baridi."

Nasikia baridi, na kola yake imelowa jasho! Hapo ndipo nilipoelewa kuni zilikuwa za nini. Askari wa mahakama alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Angegeuza shingo, yote yangeharibika. Keziah hakumtazama askari. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Nikatia gogo la tatu.

"Haya, tuone hati," Jaji akasema mwishowe.

Lakiri ilikuwa imeyeyuka na kutapakaa, haina alama yoyote.

"Muhuri uko wapi, Bwana Crutcher?"

"Si umeyeyuka hapa hapa, unaona mwenyewe!"

"Mimi nasoma karatasi, na hii haina muhuri. Huyu mama unamfahamu kwa sura?"

"Hapana," Crutcher akasema.

"Basi sina ushahidi mbele yangu. Mama, nenda zako."

Crutcher akatukana, akaapa kumshitaki Jaji huko Washington, na kweli alimshitaki. Kiti cha mahakama ya juu ambacho Jaji alikitamani miaka yote kilimponyoka siku ile. Hakujali. Alikuwa anamtazama Keziah, na nadhani alingoja ahsante. Hata mimi niliingoja.

Keziah alijifunga shali yake taratibu, akaja mpaka mbele ya meza.

"Amos Pettiford alikuwa mume wangu," akasema.

Jaji akaweka kalamu chini.

"Alisimama hapa hapa, Januari ya mwaka jana. Siku ile kuni zilikuwa zimekwisha?"

Hakungoja jibu, alikuwa na treni ya kuwahi. Jaji akanigeukia mimi, macho mekundu, kana kwamba jibu ninalo. Na nilikuwa nalo, na hasira pia nilikuwa nayo bado.

"Zilikuwepo, Mheshimiwa," nikamwambia. "Nilizipasua mwenyewe asubuhi ile. Kikapu kilijaa."