Uongo wa Siku Tano

Jumatatu ile Mama Gundi alipofika kazini alikuta rafu ya kalibu iko tupu. Kalibu, zile fremu za kupindia mbao, ndizo zinazolipatia gitaa kiuno chake. Bila hizo, mbao ni mbao tu.

"Shemeji, kalibu ziko wapi?" alimuuliza mtunza stoo, mdogo wa mumewe, mtu asiyekosa utani hata msibani.

Siku hiyo utani ulimkauka. "Zimefungwa kwenye makreti tangu Jumamosi. Anwani ni ya ng'ambo. Usiniulize zaidi, shemeji yangu, na mimi nina watoto."

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Gundi alikuwa akigandisha mbavu ndani ya magitaa, vile vijiti vyembamba vinavyoushikilia ubao wa uso usibonyee. Wenzake walimtania kwamba kabla hujampa mkono wa salamu, uage kwanza kwenu.

Saa nne bosi akawakusanya wote karibu na mashine ya msumeno. Alisema wanunuzi wa hapa wamekwisha, wanunuzi wako ng'ambo, basi kazi inawafuata huko. Magitaa yatatengenezwa huko huko na kuuzwa huko huko. Karakana ingefungwa baada ya wiki mbili, na kabla ya hapo angekuja mgeni kujifunza.

"Atakayemfundisha vizuri atapata barua ya sifa," alisema. "Atakayeleta ujanja, tusilaumiane."

Jioni Mama Gundi alirudi nyumbani. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa mwaka uliopita, na tangu hapo mgongo haukumruhusu kufanya kazi. Aliketi pale kwenye kiti chake cha dirishani, akauliza kama kawaida, "Kazi inaendaje?"

"Inaenda," alijibu. Na hakudanganya, kazi ilikuwa inaenda kweli, tena mbali.

Mgeni alifika Jumatano. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye makovu ya patasi vidoleni, akifuatana na karani wa ofisi aliyejua lugha yake. Kamera iliwekwa juu ya meza, ikamkodolea Mama Gundi mikono. Alijihisi kama kuku anayepimwa uzito. Alionyesha namna ya kupaka gundi, namna ya kubana, namna ya kupiga randa mbavu mpaka ncha zake ziwe nyembamba kama ukucha.

"Anauliza," karani alisema, "mbao zinakaa muda gani kwenye chumba cha kukaushia kabla hujazigandisha?"

Jibu lilikuwa wiki sita. Kila mtu mle ndani alilijua.

"Siku tano," alisema Mama Gundi.

Ulimi hauna mfupa. Neno lilikuwa limeshatoka, na karani alikuwa ameshalitafsiri. Kichwani mwake mlikuwa na wazo moja tu: magitaa yakipasuka huko, kazi itarudishwa hapa. Nyuma yake randa ya mtu ilisimama ghafla, kisha ikaendelea.

Mchana shemeji yake alimvuta pembeni. "Nimesikia. Una wazimu? Ubao mbichi ukivalishwa nyuzi, mwezi hauishi umepasuka. Watauliza nani kasema siku tano, na mikono yako iko kwenye video. Hata kiinua mgongo wanaweza kukunyima."

Kuanzia hapo alikaa kwenye miiba. Simu ya ofisini ikilia, anaacha randa na kusikiliza. Bosi akipita, anajifanya anatafuta kibano chini ya meza. Alhamisi alipaka gundi mkono wa gauni lake mwenyewe, akaugandisha mezani, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa mgeni alirudi bila kamera, akitabasamu, karani yuko nyuma yake. Alikuwa na daftari la shule lililojaa maandishi na michoro ya mbavu. Alilifungua, akaonyesha namba tano, aliyoizungushia duara mara mbili, kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anakushukuru," alisema karani. "Anasema kule kwao yeye ndiye aliyetia saini kwamba amejifunza. Gitaa likiharibika, atakayefukuzwa ni yeye. Kwa hiyo ameandika kila neno lako."

Mama Gundi aliitazama ile tano. Alipodanganya alikuwa amemwona kichwani adui wa mbali, mkubwa, asiye na uso, na sasa mbele yake amesimama mwanamke mwenye vidole kama vyake.

"Mwambie nilikosea," alisema. "Ni wiki sita."

Karani aligwaya. "Mama, bosi ameshatuma maelezo. Unajua unachosema?"

"Najua. Mwambie upesi, kabla sijaogopa tena."

Habari ilimfikia bosi, na saa hiyo hiyo Mama Gundi aliitwa ofisini. Bosi hakumkaribisha kiti.

"Ulikosea au ulidanganya?"

Alitaka kusema alikosea. "Nilidanganya, bosi."

"Basi vua aproni. Na barua usahau."

Ila mgeni alikuwa amemfuata pamoja na karani, na alizungumza mbele ya bosi bila kupumua, akigonga daftari lake kwa kidole. Karani alitafsiri kwa woga: huyu ndiye fundi, akiondoka sasa, mimi narudi na nusu ya kazi. Bosi alimtazama Mama Gundi kama anayetazama mbao yenye fundo. "Wiki moja," alisema. "Barua hakuna."

Ile wiki alimfundisha kila kitu, hata kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama umekauka. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia. Msaliti, walisema, na hawakushusha sauti.

Siku ya mwisho alirudi nyumbani na randa yake ndani ya mfuko. Alisimama mlangoni.

"Karakana imefungwa," alisema. "Sikukwambia."

"Mdogo wangu aliniambia wiki iliyopita," mumewe alijibu polepole. "Niliogopa kukuuliza, maana ungenijibu."

Mama Gundi alikaa chini kando ya kiti cha mumewe. "Naogopa, mume wangu."

"Hata mimi. Sana."



Jumatatu Mama Gundi alikwenda kwa seremala wa mtaa wa pili, anayetengeneza vitanda na milango. Hakuwa na barua. Seremala, mzee asiye na maneno mengi, alimtupia mguu wa kiti uliovunjika. Mama Gundi aliugandisha, akaubana, akangoja gundi ikauke, roho mkononi. Mzee aliuvuta kwa nguvu zake zote. Haukutoka.

"Kesho saa moja," alisema. "Tuone."

Mama Gundi alitoka pale, akasahau hata kuuliza mshahara.