Rozari Chumbani kwa Kengele

Kama kulikuwa na mtu aliyejua kwamba Kengele atapona, alikuwa Mama Vifungo, na hakuificha habari hiyo. Kila mteja aliyeleta suruali ya kupunguza aliondoka na tangazo lile lile, awe ameuliza au hajauliza: rafiki yangu anapasuliwa Jumatatu, na Jumatatu ya pili yuko sokoni kwake anauza ndoo na mabeseni. Akisema hivyo alikanyaga cherehani kwa nguvu, na hakuna aliyethubutu kubisha mbele ya mtu mwenye mkasi.

Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wa kwaya. Kengele alipata jina hilo kwa sababu ya sauti. Akimwita mwanawe, watoto wa mtaa wa pili walikuja pia. Sasa uvimbe tumboni ulikuwa umemla mpaka pete ya ndoa ameizungushia uzi isimdondoke. Daktari hakuzunguka mbuyu: akipasuliwa sasa, matumaini ni makubwa, akingoja mwezi mwingine, asije tena. Tatizo ni kwamba Kengele, aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko, aliogopa kisu cha daktari kuliko kifo chenyewe. Mara mbili alikuwa amefika mpaka getini pa hospitali akageuka. Safari hii ya tatu alikuwa ameapa kuingia, kwa sharti moja tu: jumuiya imsalie rozari nzima kwanza, na anayesalisha awe Mama Vifungo.

Basi Jumapili alasiri jumuiya ikaja. Watu kumi na wanne walijibana katika chumba cha kitanda kimoja na kabati lisilofunga, na waliochelewa wakakaa koridoni juu ya ndoo za dukani kwa Kengele zilizopinduliwa. Mwenyekiti, mstaafu wa posta, alitoa neno fupi la utangulizi lililochukua robo saa. Alikumbusha kwamba padre alikwisha kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu siku ya Ijumaa, na kwamba mgonjwa mwenyewe aliamka baada ya hapo akaomba chai na kulalamika kuwa haina sukari. Watu wakacheka, na Kengele naye akatabasamu. Mkoba wake wa hospitali ulikuwa tayari mlangoni.

Mama Vifungo akaanza. Jamani, huyo mama alijua kusalisha. Alisalisha bila haraka na bila kuvuta, kila Salamu Maria ikafuata mwenzake kama mishono iliyonyooka, na kufikia tendo la tatu hata mume wa Kengele, fundi bomba asiyependa kukaa chini, alikuwa ametulia. Kengele alifumba macho. Rangi ilikuwa inamrudia usoni, au angalau ndivyo walivyosema wote baadaye.

Lakini mtu aelewe jambo moja. Kwa miaka kumi na tisa Mama Vifungo alikuwa kiongozi wa sala, na sala nyingi kati ya hizo alizisalisha misibani. Mdomo ukishazoea njia, haumngoji mwenyewe. Litania ilipokwisha, akafumbua macho, na macho yakaangukia mkono wa rafiki yake juu ya shuka, mkono uliobaki mifupa. Hapo ndipo ikamtoka, kwa sauti ile ile nzuri:

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Na jumuiya nzima, kwa mazoea, ikaitikia: "Na mwanga wa milele umwangazie."

Mwenyekiti alikwenda peke yake mpaka kwenye "apumzike kwa" ndipo akajiuma ulimi.

Sala hiyo ni ya marehemu, na Kengele alikuwa amelala pale anawasikia. Mtu mmoja alikohoa bila kikohozi. Mwenyekiti akapendekeza rozari irudiwe tangu mwanzo, kana kwamba ni fomu iliyojazwa vibaya. Kengele aligeukia ukutani, akamwambia mumewe autoe mkoba mlangoni na kurudisha nguo kabatini. Mungu amekwisha kusema, tena kwa vinywa kumi na vinne. Haendi. Mumewe akambembeleza, akamkumbusha maneno ya daktari, akafikia hata kupiga magoti. Alikuwa kama anazungumza na ukuta.

Mama Vifungo akawaomba watu watoke. Wakatoka, ingawa mlango ulibaki wazi kidogo, na mwenyekiti alijikuta amesimama karibu nao.

Mama Vifungo alikusudia kusema kwamba ulimi hauna mfupa, basi yaishe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kinywa, na akajiona mwongo kabla hajayatamka. Akaona bora aseme yaliyopo.

"Mwenzangu, haukuwa ulimi," alisema. "Huko nje natangaza utapona. Lakini wiki iliyopita nilifunga duka mchana, nikakata kitambaa cha gauni lako. La kukuzikia. Liko chini ya meza, nimelifunika na gazeti. Nimekuwa nakuzika kimoyomoyo huku nasali upone. Leo mdomo umenisaliti tu."

Kengele hakugeuka. Mama Vifungo alihesabu pumzi za mgonjwa, akaogopa kwamba sasa ndipo amemuua kabisa.

"Rangi gani?" Kengele akauliza ukuta.

"Nini?"

"Hilo gauni. Rangi gani?"

"Zambarau."

Hapo Kengele akageuka, taratibu, akimshika rafiki yake mkono ili ajivute. "Zambarau, mimi? Miaka yote unanishonea, hujui zambarau inanifanya nionekane kama biringanya?"

Alianza kucheka, cheko likamuumiza tumbo, akalishika tumbo akaendelea kucheka. Mama Vifungo alicheka naye huku machozi yanamdondoka. Walipotulia, Kengele alimwambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Wiki tatu nzima kila aliyeingia chumbani humo alisema utapona, utapona, huku anaangalia dari. Alidhani ni yeye peke yake mwenye hofu katika jumuiya yenye imani kubwa namna hiyo, na akajiona anakwenda kwenye kile kisu akiwa peke yake.

"Kumbe na wewe unaogopa," alisema. "Basi aliyesema pale si Mungu. Ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mwambie baba watoto auache mkoba palepale." Kisha, kwa sauti iliyofika mpaka koridoni: "Na mwenyekiti akae chini, miguu itamuuma."

Mlangoni mtu alijikwaa kwenye ndoo.

"Sasa leta tepu yako," Kengele akaendelea. "Nataka gauni la kutokea hospitali. La njano. Nipime."

Tepu huwa haimtoki fundi shingoni. Mama Vifungo alimsaidia kuketi, akamzungushia kifuani, akaona namba, akasita. Alikuwa amempima mwili huo tangu ujana na hakuwahi kukutana na namba ndogo hivyo. Aliisoma kwa sauti kama ilivyo, bila kupamba.

"Iandike," Kengele alisema. "Kisha ongeza inchi nne. Nitanenepa."

Mama Vifungo akaongeza nane.