Udongo Ulipoachia

"Shika hapa, mama, halafu zungusha polepole," Anatoli alisema. "Ukisikia umeachia, simama."

Milembe alishika mpini wa chuma kwa mikono miwili. Fimbo ya kipimo hicho ilikuwa imezama kwenye mteremko wa kilima kupita kimo cha mtu, na huko chini ilikuwa na mabawa manne madogo yaliyouma udongo. Hakuna aliyemwomba asaidie. Mwenyewe alisema anataka kujua kwa mkono wake, na Anatoli, fundi wa kupima udongo aliyekuja na gari la wilaya kutoka Bariadi, hakuona sababu ya kumkatalia.

Alizungusha. Udongo ulikaza kidogo, kama mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama yake, kisha ukaachia wote kwa mara moja. Mpini ukazunguka bure.

"Basi?" aliuliza.

"Basi. Juu ni mgumu, unaweza kulima pamba miaka yote usijue kitu. Huku ndani maji yameulainisha. Hauna cha kujishikiza."

Pembeni yao ndipo lilipoanzia kovu la maporomoko, jekundu, bado bichi, likishuka hadi pale palipokuwa jiko la Salu. Salu alikuwa mke wa Luhende, ndugu wa marehemu mume wa Milembe. Alikuwa anasonga ugali wa mchana mvua za Elnino zilipoangusha ubavu wa kilima. Walimfukua jioni, mwiko ukiwa mkononi.

Anatoli alikuwa amekuja kabla ya hapo. Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na ufa ulikuwa umejitokeza katikati ya shamba la pamba. Alishusha vyuma vyake hivihivi, akaomba ruhusa. Salu akawatolea wageni vigoda na maji ya kunywa. Lakini tangu mume wa Milembe afariki, mkubwa wa mji ule alikuwa yeye, na Milembe alisema hapana.

Alikuwa na sababu zake. Nchi ilikuwa imefunguliwa kwa wawekezaji. Kila mwenye gari na kibali alikuwa anatafuta dhahabu. Alisikia habari za kijiji kimoja upande wa ziwani ambako watu walikuja na vyuma, wakasema wanapima tu, na baadaye wenyeji wakaambiwa wahame. Yeye mumewe alikuwa amezikwa kwenye kilima kile.

"Mayu, mama yangu, ufa unapanuka," Salu alisema taratibu, mbele ya wageni. "Waache wapime."

"Wewe umeolewa hapa juzi. Unajua nini cha kilima hiki?"

Salu alisubiri wageni wanyanyuke, akaokota vigoda kimoja kimoja, akavirudisha ndani bila kuvigonganisha. Hicho ndicho kilichomkosesha Milembe usingizi, zaidi hata ya maneno aliyoyasema mwenyewe: ule upole wa Salu, kama mtu anayejitahidi asimwamshe aliyelala.

"Ungepima siku ile," Milembe alimuuliza Anatoli, "Salu angekuwa hai?"

Fundi alikuwa anafuta tope kwenye mabawa ya chuma alichokichomoa. Aliendelea kufuta. "Sijui, mama. Ningepeleka majibu ofisini. Labda wangewahi kuja, labda mvua ingewatangulia." Akageuza bawa jingine. "Lakini nyie ningewaambia palepale, kabla sijapanda gari."

Milembe alitamani angeishia kwenye ile labda.

"Na upande huu uliobaki?"

"Utafuata. Na nyumba ya shemeji yako iko chini yake moja kwa moja."

Milembe alishuka peke yake. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kujitetea: kile kijiji cha ziwani, kaburi la mumewe, hofu. Alimkuta Luhende amekaa mlangoni anasokota kamba. Watoto wake walikuwa wamepelekwa Sola kwa bibi yao, na uwanja ulikuwa haujafagiliwa.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila."

"Huko juu udongo hauna nguvu. Nimeshika chuma mwenyewe. Tuhame leo."

Luhende hakuinua macho. "Leo ndiyo unawaamini."

"Leo ndiyo."

"Salu aliwaamini siku ile."

"Ndiyo," Milembe alisema. Maneno yote aliyoyapanga njiani hakuna hata moja lililostahili kusemwa mbele ya mtu huyu. "Aliwaamini. Mimi nikamnyamazisha."

"Wewe nenda. Mimi nitakaa alipokaa yeye."

Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yanajikusanya. Milembe alizunguka nyuma ya nyumba mpaka zizini, akavuta magogo ya mlango moja baada ya jingine, akawatoa ng'ombe wa Luhende, huenda mwenyewe akawafuata. Luhende alisikia kwato. Hakumzuia, wala hakunyanyuka kumsaidia.

Aliwaswaga kuelekea mbugani, kwenye ardhi tambarare, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Walipofika panapogawanyika njia, jike la mbele, lenye baka jeupe usoni, lilisimama na kugeuka. Wengine nao wakasimama. Alilichapa fimbo; halikusogea. Luhende huwaongoza kwa mluzi, na Milembe, miaka yote aliyokaa katika mji ule, hakuwahi kujifunza.

Tone la kwanza lilimwangukia begani. Kule nyuma Luhende alikuwa amesimama mlangoni, mdogo kwa umbali, kilima kimemwinamia. Milembe alisimama katikati ya ng'ombe, mkono juu ya mgongo wa moto wa lile jike, wote wakitazama upande uleule, wakisikiliza kama mluzi utakuja.