Komando na Mkono wa Pilipili

Mimi sikuomba mbwa wa kubembeleza. Niliomba mbwa wa kutisha. Wezi walikuwa wameniibia kuku wote, halafu wakarudi kuchukua na karai langu la kukaangia samaki, karai bado lina mafuta! Nikampigia simu kaka yangu Luhende, mlinzi kwenye yadi ya vyuma chakavu huko Mwanza mjini, nikamwambia, "Kaka, nitafutie mbwa ambaye mwizi akimwona anaokoka siku hiyo hiyo."

Luhende akaniletea Komando. Bosi wake alikuwa amefunga yadi akahamia mkoa mwingine, mbwa akamwacha kwenye mnyororo pamoja na matairi mabovu. Pitibuli huyo, jamani! Kichwa kama cha ndama, kifua kipana, masikio yamekatwa, makovu mgongoni. Aliposhuka kwenye pikapu hapa kwetu Kigongo, wachoma mahindi waliacha mahindi yao motoni wakatimua mbio. Nilifurahi mno. Nikasema moyoni, haya wezi, karibuni sasa.

Komando akaingia uani, akanitazama, akaenda kujificha nyuma ya pipa la maji. Akakaa huko huko. Jogoo wa jirani akapita akamfokea, naye akafumba macho. Komando gani huyo?

Lakini aliyechukiwa kuliko wote ni mimi. Binti yangu Rose akimpelekea ugali, anatoka, anakula, mkia unachezacheza. Nikimpelekea mimi, anarudi kinyumenyume mpaka ukutani, meno nje, mwili mzima unatetemeka. Ugali ule ule, dagaa wale wale! Nikinyoosha mkono nimguse kichwa, ananguruma. Iliniuma, nasema kweli. Yaani nimlishe mimi, halafu anidharau kwangu mwenyewe?

"Labda haipendi sauti yako, mama," Rose akasema.

"Sauti yangu ina nini?" nikamuuliza, na nadhani hata ng'ambo ya ziwa kule Busisi walinisikia.

Basi siku moja jirani yangu Paskazia akachungulia juu ya ua, akayaona yale meno. Hakusema na mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nkwabi, kushtaki kwamba Evelina anafuga chui. Mzee akaja na fimbo yake, ile ambayo haiachi hata akienda kanisani, akasimama mbali, kule njiani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Evelina, nisikilize vizuri. Watu wa mifugo wanakuja kuchanja mbwa, chanjo ya kichaa. Huyo wako utamleta wewe mwenyewe, si Rose, na utamshika kichwa mbele ya watu wote wakati anachomwa sindano. Ukishindwa, ina maana hana mwenyewe. Tutamwita mwenye bunduki."

"Nitamshika hata bila kamba!" nikajibu kwa kiburi.

Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo. Nitamshikaje mbwa ambaye hata kivuli changu hakitaki? Nikamtazama kule nyuma ya pipa. Alikuwa ameweka kidevu juu ya miguu, ananichungulia kwa jicho moja, na nikagundua kwamba sitaki afe. Wezi sikuwakumbuka hata kidogo.

Jumapili Luhende akaja baada ya misa. Nikamkaangia sato mkubwa, nikamsagia chachandu. Niseme tu ukweli bila aibu, chachandu yangu haikuwa na mpinzani hapa Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe, sisi wauza samaki abiria wa kivuko hatunao tena, lakini madereva walikuwa wanasimamisha magari kwa ajili ya chachandu ile. Kila asubuhi nilisaga pilipili mbichi, kitunguu saumu na nyanya, nikamalizia na ndimu, yote kwa mikono yangu hii.

Nikapita na bakuli karibu na pipa. Komando akalia. Hakubweka, alilia kama mtoto, akajikojolea, akawa anasukuma pua yake kwenye udongo kana kwamba anataka kuizika.

Luhende akarudisha mnofu wa samaki sahanini. "Dada, liondoe hilo bakuli. Lipeleke ndani."

"Kwani kuna nini?"

"Bosi aliambiwa na wajuaji wenzake kwamba mbwa akilishwa pilipili anakuwa mkali. Basi alikuwa anamkaba na mnyororo, anamsugua pilipili puani na mdomoni. Akilia, anapigwa fimbo."

"Na wewe ulikuwa unatazama?"

"Nilimwambia aache. Akaniambia nilinde geti, mbwa si wangu."

Nikanusa viganja vyangu. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, lakini nani asiyejua pilipili? Unanawa asubuhi, jioni unajifuta jicho unaona jehanamu. Kumbe muda wote huo nilikuwa namnyooshea yule kiumbe mateso yake yale yale, tena huku namgombeza kwa nini hanishukuru! Nikalia. Nililia kama nimefiwa, mpaka Paskazia akachungulia kuuliza msiba uko wapi.

Kesho yake kinu cha pilipili nikakigawa. Wateja wakanijia juu. "Sato bila chachandu?" Dereva mmoja wa lori akaniuliza kama daktari amenikataza. Nikamwambia, "Kula na ndimu. Ukitaka kuungua, kalambe injini yako." Wengine wakahamia kwa wakaangaji wenzangu, wakaniacha na sato wangu wanapoa. Iliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Mikono nikaisugua kwa majivu na maganda ya ndimu mpaka ngozi ikachubuka. Kila jioni nikawa nakaa kwenye ndoo, nimempa Komando mgongo, mkono mmoja wazi chini karibu na sahani yake, naimba nyimbo za kwaya. Rose akasema kama mbwa anaivumilia sauti yangu hiyo, basi atavumilia lolote. Mtoto hana adabu huyu! Mwanzoni Komando alikula nikishaondoka. Baadaye akawa anakula nikiwepo. Halafu akakubali kufungwa kamba, ila nisimkaribie kichwa. Mkono wenyewe hakuugusa kamwe. Na siku ya chanjo ikafika.

Uwanja wa shule ya msingi ulijaa mbwa. Wengine wamefungwa kamba za katani, wengine mikanda ya suruali, mmoja ameletwa kwenye mkokoteni kama bibi harusi. Daktari wa mifugo alikuwa dada wa Kijaluo kutoka Mara, anaitwa Perez, mchangamfu sana. Tulipoingia mimi na Komando, mstari ukajigawa wenyewe. Hata mbele kukawa na nafasi.

"Shikamoo mama. Mshike kichwa kwa mikono miwili, tafadhali," Daktari Perez akasema.

Kabla sijainama, Mzee Nkwabi akainua fimbo yake kuwanyoosha watu mstari. Komando akaiona. Akashusha mwili, akatoa meno yote, akanguruma mpaka kamba ikatetemeka mkononi mwangu. Watu wakatawanyika. Paskazia alionekana juu ya ukuta wa darasa, sijui alipandaje na umri ule.

"Mnaona?" Mzee akapaza sauti. "Aitwe mwenye bunduki!"

"Mzee, weka fimbo chini!"

Sijawahi kumkaripia mtu mzima hivyo. Nikaongeza, "Nakuomba, baba yangu. Amepigwa sana huyu. Iweke chini."

Mzee akanitazama, akamtazama Komando. Akainama polepole, akailaza fimbo kwenye nyasi.

Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono, kiganja juu, kama tulivyozoea pale nyumbani. Komando akanusa kiganja. Akanusa kidole kimoja kimoja, akafika mwisho, akaanza upya, anahakikisha. Halafu akaulamba. Akaulamba tena, akaja kwa nguvu na kile kichwa chake chote, akakisukumiza kwapani kwangu nusura aniangushe. Nikamkumbatia kwa mikono miwili, nikamshika kabisa.

"Tayari, mama," Daktari Perez akasema. Sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka, na si mimi wala Komando aliyeiona.

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee Nkwabi akasogea, akajikohoza.

"Evelina. Na mimi naweza kumgusa?"

"Asubuhi umekula nini, Mzee?"

Akashangaa. "Samaki wa jana. Na pilipili kidogo."

"Basi nenda kanawe kwanza. Kwa majivu, si sabuni tu. Halafu urudi atakunusa."

Nilidhani atafoka. Akatazama viganja vyake, akavinusa, akaelekea kwenye jiko la shule kuomba majivu, na fimbo yake akaiacha pale pale kwenye nyasi.